Kibuyu cha Mbwa

Sura ya Saba

Sajenti Domitila Shigela alilitupa faili juu ya meza ya mkuu wa kituo, na karatasi ya kwanza ikachomoka ikaanguka miguuni pa mwenye meza.

"Afande, huu si upelelezi. Hii ni hasira ya watu iliyopigwa taipu."

Inspekta Mwandu, mkuu wa kituo kidogo cha Mwabadinda, aliinama taratibu akaiokota. Kwa cheo alimzidi, lakini Domitila alikuwa ametumwa kutoka mkoani, Shinyanga, na mtu wa mkoani humfukuzi ofisini kama kuku.

"Watu thelathini na saba wametapika, Sajenti. Mtoto amekufa. Mpishi ni mmoja. Unataka nimkamate nani, sufuria?"

Habari yenyewe ilikuwa fupi. Ulikuwa mwezi wa saba, mwaka wa tisini na tano, na pamba ilikuwa imefunguliwa kwa wanunuzi binafsi. Kampuni moja ngeni ilikuwa imeweka mizani yake kijijini Nkoma, hatua chache kutoka ghala la ushirika, na ili kuwavuta wakulima ikawa inawapikia chai ya maziwa. Ijumaa iliyopita walikunywa saa tatu asubuhi. Kufika saa sita watu walikuwa wamelala juu ya magunia ya pamba yao, wanashika matumbo na kuwaita mama zao. Jioni akafa Goodness, mtoto wa miaka minne aliyekuwa ndiyo kwanza ametoka kuugua malaria. Goodness alikuwa mjukuu wa mpishi.

Mpishi ni Philomena Jilala. Marehemu mumewe alikuwa mwenyekiti wa chama cha msingi cha ushirika, na hapo ndipo midomo ilipopata pa kuanzia. Ushirika umeona wivu, wakasema, umemtuma mjane aharibu biashara ya wenzao. Jikoni kwake likakutwa debe la dawa ya pamba. Leo ilikuwa Jumanne, siku ya nne yuko mahabusu, na Jumatatu ijayo angepelekwa mahakamani kwa kosa la mauaji, kosa lisilo na dhamana.

"Hilo debe lilikuwa na nini ndani?" Domitila aliuliza.

"Maji."

"Anachotea maji. Nkoma yote nitajie nyumba isiyokuwa na debe la namna hiyo."

"Liache debe. Soma maelezo yake." Mwandu aligonga faili kwa kidole. "Amesema mwenyewe maziwa aliyachemsha mara mbili. Alhamisi jioni yalipofika, na Ijumaa alfajiri kabla ya kutia majani. Angesema hakuyachemsha, ningeandika uzembe. Lakini maziwa mabovu dawa yake ni moto, hata mtoto anajua. Yamepigwa moto mara mbili na watu wameanguka. Kimebaki nini? Sumu, Sajenti. Mkono wa mtu."

"Na yeye akamnywesha mjukuu wake?"

"Mtoto akili yake ni ya mtoto. Alijichotea."

Domitila alihisi damu inampanda kichwani. Mwanamke amesema kweli, na ile kweli ndiyo iliyosokotwa ikawa kamba ya kumnyongea. Alichukua faili lake akatoka bila kupiga saluti.

Philomena alikuwa amekaa kwenye sakafu ya mahabusu, kanga imefungwa kifuani, miguu ameinyoosha mbele. Hawakumruhusu kwenda kuzika. Domitila alichuchumaa naye akashika mkono wake kwa mikono miwili, akamwamkia kwa Kisukuma kama mtu anavyomwamkia mama yake.

"Mwangaluka, mayu."

"Mwangaluka, ng'wanone." Alimwita mwanangu, lakini sauti ilikuwa imekauka. "Na wewe umekuja kuniuliza nilitia nini?"

"Nimekuja kuuliza maziwa yalitoka wapi."

Mwanamke yule alimtazama kwa mara ya kwanza. Siku nne nzima hakuna aliyemuuliza swali hilo.

"Gari la kampuni lilileta madumu mawili. Yanatoka Somanda, kwa Bwana Mifugo Luhaga, yule mwenye ng'ombe wa kisasa. Dumu moja lilikuwa zuri. La pili lilikuwa na vibonge vidogo vidogo. Nikasema ni mafuta ya ng'ombe wa kizungu, maana wale hula shudu wanashiba. Nikayachuja kwa kitambaa ndipo nikayatia motoni."

"Kitambaa kiko wapi?"

"Nilikichomeka kwenye nyasi za paa la jiko, nikasema nitakifua baadaye. Hiyo baadaye haikufika."

Domitila alitoka pale na konstebo mmoja mpaka Nkoma. Njiani konstebo alijaribu kuzungumza habari za uchaguzi wa mwezi wa kumi, akajibiwa kwa guno moja.

Jiko la Philomena lilikuwa limefungwa kwa kamba ya katani. Nyumba yenyewe ilikuwa imekwisha kuvunjwa mlango, na mtu alikuwa amechora msalaba mweusi wa mkaa ukutani. Domitila alijua maana yake: mchawi. Katika nchi hii mwanamke mzee akishaandikwa ukutani, mahakama huwa imekwisha kukaa. Hukumu hutekelezwa usiku, kwa panga.

Sufuria kubwa la chai lilikuwa pale pale, masalia yamekaukia chini, sukari imeganda pembeni. Konstebo alifunua kifuniko akarudi nyuma.

"Kumejaa sisimizi, afande."

"Wafu au wazima?"

"Wazima. Wanakula."

"Tangu lini?"

"Hata Jumamosi tulipokuja kufunga walikuwepo. Na nzi."

"Mlikuja, mkaona, mkafunga mlango." Domitila alisema maneno hayo moja moja. "Dawa ya pamba kazi yake nini, konstebo? Kuua wadudu. Inaua funza aliyejificha ndani ya tumba la pamba, inaua chawa, inaua kila kitu chenye miguu sita. Sisimizi wamekula hii chai siku nne wananenepa, na ninyi mmemfungia mtu kwa ajili ya debe!"

Konstebo alirudisha kifuniko juu ya sufuria.

Kitambaa alikikuta kwenye nyasi za paa, kimekunjamana. Alikikunjua karibu na mlango penye mwanga. Vibonge vilikuwa vimekaukia kama nyuzi, rangi ya manjano, na mahali pengine kulikuwa na doa la wekundu wa kutu. Akakinusa. Alikuwa binti wa mfugaji. Babake alikuwa na ng'ombe themanini kule Maswa kabla ya ukame, na yeye alikamua tangu akiwa na miaka saba. Mafuta ya maziwa hayatoi nyuzi. Hicho kilikuwa kitu cha kiwele kilichooza ndani.

Alikata kipande cha kitambaa, akakwangua na masalia ya chai kwenye chupa, akavitia muhuri mbele ya konstebo na balozi wa nyumba kumi, wakasaini wote. Jioni ile vilipanda basi kwenda maabara Mwanza.

Majibu yalikuja Jumamosi asubuhi kwa simu ya upepo, na aliyeyapokea alikuwa Januarius, bwana maabara wa hospitali, mwanamume mwembamba mwenye miwani iliyofungwa kwa plasta. Domitila alimkuta anayaandika vizuri kwenye karatasi.

"Chai haina dawa ya pamba. Haina hata chembe."

"Nilijua. Endelea."

"Wakajaribu kuotesha vijidudu kutoka kwenye chai. Hakuna kilichoota. Kwenye kitambaa, ambacho kilipita maziwa mabichi, vimeota mpaka vimefurika. Ni wale wanaokaa kwenye majipu, na kwenye kiwele cha ng'ombe kikivimba."

Domitila alikaa kwenye kiti bila kukaribishwa. Siku nne alikuwa amekishika kiwele kama mtu aliyeshika mkia wa mwizi, na sasa mkia unamponyoka. "Basi Mwandu kanishinda. Moto uliwaua hao vijidudu. Chai ilikuwa safi."

"Sikusema safi. Nimesema haina kijidudu hai." Januarius alivua miwani. "Sajenti, hawa viumbe wakikaa ndani ya maziwa yenye joto, kutwa nzima, wanazaana, na wakizaana wanatoa sumu. Ukichemsha, wao wanakufa. Sumu yao haifi. Ukimuua nyoka baada ya kukuuma, mguu unaacha kuvimba?"

"Hata ukichemsha mara mbili?"

"Hata mara kumi. Na mtu akinywa, saa mbili, tatu, nne, tumbo linampindua. Mtu mzima anatapika, kesho yuko shamba. Mtoto aliyetoka kwenye malaria hana maji ya kupoteza."

Saa tatu walikunywa, saa sita wakaanguka. Domitila alipiga meza kwa kiganja na vichupa vikalia.

"Nani anajua jambo hili? Mimi mtoto wa mfugaji sikulijua. Mpishi wa Nkoma angelijuaje?"

"Asingelijua. Mimi nimelisoma chuoni. Na bwana mifugo yeyote aliyesoma analijua." Januarius alivuta droo, akatoa kijitabu chembamba cha karatasi za stensili. "Hiki kiligawiwa kwa vikundi vya akina mama, zamani idara ilipokuwa na uhai. Ukurasa wa tano. Tazama na aliyekiandika."

Domitila alitazama. Alikikunja akakitia mfuko wa shati, karibu na filimbi.

Constantine Luhaga alikuwa bwana mifugo wa serikali kwa miaka kumi na minane. Serikali ilipopunguza wafanyakazi naye akapunguzwa, na hakulia kama wenzake. Alifungua duka la dawa za mifugo Somanda, akanunua ng'ombe sita weupe kwa weusi, na aliyetaka ushauri aliokuwa akiutoa bure sasa aliupata dukani. Mpaka hapo Domitila hakuwa na ugomvi naye. Mtu lazima ale.

Hakwenda dukani. Alizunguka nyuma ya nyumba mpaka zizini, akamkuta mkamuaji, mzee Masalu, anawapa ng'ombe shudu.

"Mwadila, baba."

"Mwadila, mayu." Aliona konstebo nyuma yake, akaweka ndoo chini.

Ng'ombe wa tatu alikuwa amesimama ametanua miguu ya nyuma. Domitila alimpapasa ubavuni, akateremsha mkono. Robo moja ya kiwele ilikuwa ngumu kama jiwe na ya moto. Ng'ombe akarusha teke lililopita karibu na goti lake.

"Huyu anaumwa tangu lini?"

"Wiki ya tatu. Bwana anamtia dawa ya mrija kwenye chuchu. Haisikii."

"Na maziwa ya chuchu hiyo unayamwaga wapi?"

Masalu alimtazama kama aliyeulizwa kama huwa anamtukana mama yake. "Maziwa hayamwagwi, mayu. Wewe si Msukuma? Ukiyamwaga chini ng'ombe anakausha, zizi zima linamfuata." Alinyoosha kidole kwenye nguzo. Kibuyu kikubwa kilining'inia pale, shingoni kimefungwa kitambaa cheusi. "Yanakaa peke yake. Hicho ni cha mbwa."

Domitila alikifahamu kibuyu hicho. Kwa babake kilikuwepo. Ndiyo desturi, kiwele kibovu kina chombo chake, hakigusi chombo cha watu. Aliyeibuni desturi hiyo hakusoma chuo chochote, lakini alikuwa na akili kuliko watu wengi wenye vyeti.

"Mbwa wanayanywa?"

"Siku hizi wananusa wanaondoka."

"Baba Masalu, Alhamisi ya wiki iliyopita, kampuni ilipofuata maziwa. Niambie."

Mzee alisema yote kwa pumzi moja, kama mtu aliyechoka kubeba. "Waliagiza madumu mawili yajae. Asubuhi tulipata moja na nusu. Saa tisa gari likaja linapiga honi. Bwana akaniambia, jazia na kile. Nikamwambia bwana, hiki cha mbwa, kimekaa juani tangu jana. Akasema, wewe jazia, wanakwenda kuyachemsha. Nikakataa. Akakitungua, akamimina mwenyewe."

"Utalisema hilo mbele ya hakimu?"

"Yule mtoto nasikia alikuwa wa miaka minne," alisema Masalu. "Nitalisema."

"Utasema nini, Masalu?"

Luhaga alikuwa amesimama kwenye lango la zizi, shati jeupe, kalamu mbili mfukoni. Alimpa Domitila tabasamu la mwenye duka.

"Sajenti, karibu. Ungepitia mbele tungekupa kiti."

"Nimesimama vizuri. Ng'ombe wako wazima?"

"Wazima kabisa. Hapa ni usafi mtupu."

"Huyu wa tatu?"

"Aa, huyo alivimba kidogo. Nimemtibu mwenyewe. Maziwa yake siyauzi."

"Kibuyu hiki kilikuwa na kiasi gani Alhamisi?"

Tabasamu liliyumba. Alimtazama Masalu, na Masalu hakuinamisha kichwa.

"Sajenti, tuongee kama watu wazima. Hata kama yaliingia kidogo, kwa bahati mbaya, yalikwenda kupikwa. Moto unaua vijidudu. Hiyo ni sayansi. Mimi ni mtaalamu."

"Mtaalamu." Domitila alitoa kijitabu mfukoni, akafungua ukurasa wa tano, akasoma kwa sauti mpaka mwanamke aliyekuwa akipita njiani akasimama. "'Akina mama, maziwa ya kiwele kilichovimba yasinywewe na binadamu hata yakichemshwa. Kuchemsha huua vijidudu, lakini sumu waliyokwisha kuitoa haiuawi na moto.' Mwandishi, C. Luhaga, Bwana Mifugo. Huyu C. Luhaga ni nani? Nduguyo?"

Uso wa Luhaga uligeuka rangi ya majivu.

"Nilijua watatapika kidogo basi," alisema kwa sauti ndogo. "Sikujua kuna mtoto."

Hapo Domitila alisahau mafunzo yake. Alimshika ukosi wa shati jeupe, kalamu zikaruka, akamsukuma mpaka mgongo wake ukagonga nguzo ya kibuyu.

"Ulijua watatapika! Uliwafundisha mama zetu, ukala mshahara wa kuwafundisha, halafu ukawauzia! Siku nane mwanamke mzee yuko mahabusu, hakumzika mjukuu wake, nyumba yake imechorwa mkaa, na wewe ulikuwa umekaa hapa unajua! Ulishindwa kutembea mpaka kituoni ukasema sentensi moja?"

Konstebo alimgusa bega. Domitila aliachia. Alimfunga Luhaga pingu mwenyewe, akakitungua kibuyu, akakitia muhuri.

Saa kumi walikuwa Mwabadinda. Inspekta Mwandu alisoma maelezo ya Masalu, akasoma majibu ya maabara, akasoma ukurasa wa tano mara mbili. Mtu apewe haki yake: hakubisha. Alichukua fomu, akaandika, akagonga muhuri, akampa Domitila bila kumtazama.

"Mtoe. Aende nyumbani."

Philomena aliletwa kaunta. Domitila alimweleza kila kitu kwa Kisukuma, taratibu, kibuyu, jua, sumu isiyoungua. Mwanamke alisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo kuni zile zote," alisema, "nilikuwa nachochea bure."

"Ndiyo, mayu. Hata ungechemsha mpaka leo."

Philomena aliipokea fomu, akaigeuza. Hakujua kusoma. "Imeandikwa nini?"

Domitila aliisoma, na alipokuwa anaisoma hasira ikamrudi upya. "'Mtuhumiwa ameachiwa kwa kukosekana ushahidi wa kutosha.'"

Philomena aliirudisha kaunta. Akageuka, akarudi mahabusu, akakaa pale pale alipokuwa amekaa siku nane.

"Wewe mama, umeachiwa!" Mwandu aliita. "Toka!"

"Sitoki. Karatasi hiyo inasema mmenitafutia kosa hamkulipata. Haisemi sina kosa. Nikienda Nkoma na hiyo watasema nimewaroga hata polisi. Nitalala siku ngapi kabla hawajaja? Bora nife hapa kwenu, mnizike ninyi."

Mwandu alifungua mdomo kutaja taratibu. Domitila hakumsubiri. Aliichana fomu vipande vinne, akavuta karatasi safi, akaandika kwa mkono wake, herufi kubwa, akasaini jina na namba yake ya askari. Kama wangemvua utepe kwa hilo, na wamvue. Aliiweka mbele ya mkuu wa kituo.

"Muhuri, afande. Kesho Jumapili inasomwa kanisani Nkoma, na kesho kutwa kwenye mizani."

Mwandu alitazama karatasi, akamtazama mwanamke sakafuni. Akagonga muhuri.

"Sasa asome yeye," alisema Philomena kutoka ndani. "Yeye ndiye aliyesema niliua. Asome amesimama."

Inspekta Mwandu alisimama, akashika karatasi kwa mikono miwili.

"'Philomena Jilala hakutia kitu chochote katika chai ya tarehe ishirini na moja. Maziwa yaliletwa kwake yakiwa na sumu, na aliyeyauza alijua. Yeye aliyachuja na kuyachemsha kama mtu mwema anavyofanya. Hakumuua mjukuu wake...'" Alikohoa, akalimung'unya jina, akamalizia haraka, akaishusha karatasi.

Philomena aliinuka kwa kushika ukuta, akaja mpaka mlangoni.

"Rudia hapo kwenye jina la mtoto," alisema. "Hapo hukupasoma vizuri."